Shajara ya safari ya Rockies: rasimu tano, gari moja na basi la Ziwa Moraine

9 Januari

Nafungua daftari hili kwa sababu kikao cha jana kilikwisha kila mtu akiwa na kumbukumbu yake. Kwa kadiri ninavyokumbuka mimi, tulikubaliana hivi: mwaka huu tunakwenda kuiona milima ya Rockies upande wa Kanada, tuko wanne, gari ni moja, na mpangaji ni mimi. Hilo la mwisho sikulipigia kura.

Msafara wenyewe: Mama, ambaye magoti yake yameacha kuelewana na ngazi. Dada yangu mkubwa, mshika fedha. Mwanawe, mpwa wangu wa miaka 15, ambaye amekwisha kuorodhesha wanyama anaowadai. Na mimi, dereva.

Nilimwomba kila mtu ataje jambo ambalo akilikosa atarudi amenuna. Mama: yale maji ya bluu ya kwenye picha, "lakini nisipandishwe, mlima nitausalimu nikiwa chini, ndiyo adabu." Dada: miji midogo ya kutembea jioni kwa miguu. Mpwa: barafu anayoweza kuisogelea, dubu, na kurusha droni. La droni limekatwa papo hapo, maana kuirusha ndani ya hifadhi za taifa za Kanada bila kibali ni kosa. Amenuna kabla hatujaondoka, kwa hiyo hesabu yangu imeanza na hasara.

11 Januari

Rasimu ya 1. Duara. Kutua Calgary, Banff, Ziwa Louise, Jasper, kushuka kupitia Kamloops hadi Revelstoke, Golden, Radium, kurudi Banff, kisha Calgary tena. Siku 9. Kwenye ramani linapendeza kama shanga.

Nimelituma kwa Dada. Jibu lake: "Mdogo wangu, hii ni safari au zamu ya lori?"

16 Januari

Nimejumlisha, na Dada ana haki. Duara zima ni karibu kilomita 1,600, na kipande cha Jasper hadi Revelstoke peke yake kinakaribia 650. Hiyo ni siku nzima ya kutazama kiti cha mbele. Nilikuwa nimechora duara kwa sababu tu sipendi kurudi nilikotoka, na hakuna aliyeomba kuiona Kamloops.

Kilichonifungua macho ni ramani ya hifadhi zenyewe. Nilizifikiria kama visiwa, hapa moja na kule nyingine. Kumbe nne kati yake zimeshikana ubavu kwa ubavu kama vyumba vya nyumba moja: Banff, iliyoanza 1885 na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza Kanada, Yoho, 1886, Jasper, 1907, kubwa kuliko wenzake, na Kootenay, 1920. UNESCO iliziingiza zote nne kwenye urithi wa dunia mwaka 1984. Unatoka Banff unaingia Yoho bila kuhama barabara.

Miji nayo imegawanyika. Banff, Jasper, Field na kijiji cha Lake Louise vimo ndani ya hifadhi. Canmore, Golden na Radium Hot Springs viko nje, mlangoni. Nimeandika hili kwa herufi kubwa kwenye lahajedwali kwa sababu nahisi ndilo litakaloamua bei ya vitanda.

Rasimu ya 2: Revelstoke imeondolewa, Kamloops imeondolewa, siku 11, usiku 10.

3 Februari

Wiki mbili tumebishana kuhusu mwezi.

Mimi nilitaka Juni kwa ajili ya mwanga. Huku kwetu wasemaji wa Kiswahili saa inahesabiwa kwa jua: likichomoza tunaanza moja, likizama tunaanza moja nyingine, na mambo yanakwenda. Jasper mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa nne usiku. Nilimwonyesha Mama jedwali la machweo akasema saa nne ya namna hiyo ni ya uongo. Lakini mwanga huo ni mali: unafika mji wa kulala, unakula, na bado una matembezi mazima ya jioni.

Ubaya wa Juni ni kwamba maji ya bluu yanaweza yasiwepo. Ziwa Louise huganda kuanzia Novemba, na barafu yake mara nyingi haimaliziki hadi mwanzoni mwa Juni. Barabara ya Ziwa Moraine, jirani yake, hufunguliwa Juni na kufungwa katikati ya Oktoba. Rangi yenyewe inatokana na unga wa mwamba: barafuto, yaani mto wa barafu wa mlimani, linasaga jiwe chini yake, ule unga laini unaingia ziwani na maji yanayoyeyuka, unaelea bila kutuama, na mwanga ukiupiga unarudisha bluu na kijani. Hakuna kuyeyuka, hakuna unga. Ukifika mapema unakuta ziwa jeupe lililoganda, na Mama amenuna.

Julai na Agosti rangi imekolea, ila ndio msimu wa kila mtu mwingine, na ndio msimu wa moshi wa moto wa misitu. Unaweza kukaa siku tano mbele ya mlima usiuone.

Septemba ilipendekezwa na mpwa, kwa sababu zake. Ndipo madume ya elki, jamii ya kulungu wakubwa, hupigania majike na kupiga kelele mabondeni. Na ndipo miti ya lachi inapogeuka dhahabu. Lachi ni jamii ya msonobari, ila yenyewe hupukutisha majani kila mwaka, na wiki mbili hivi za mwisho wa Septemba miteremko ya juu ya Ziwa Moraine inawaka manjano. Tutaikuta ikianza tu, lakini itatosha.

Gharama ya Septemba: machweo yanarudi karibu saa mbili usiku, theluji inaweza kuanguka kwenye mapito ya juu siku yoyote, na upande wa jimbo la British Columbia matairi ya theluji yanadaiwa kwenye barabara nyingi za milimani kuanzia 1 Oktoba. Kwa hiyo tuwe tumeondoka mapema.

Uamuzi: 10 hadi 20 Septemba. Shule ya mpwa ni kesi ya Dada, mimi simo.

15 Februari

Swali gumu kuliko la mwezi: twende Jasper au tuiache?

Julai 2024 moto ulihamisha mji mzima pamoja na wageni waliokuwa ndani ya hifadhi, na siku mbili baadaye ukaingia mjini. Karibu theluthi moja ya majengo yaliungua. Nyumba za kulala wageni zimepungua, na wakazi wengine bado wanajenga upya. Baadhi ya miteremko iliyokuwa kijani kwenye picha sasa ni nguzo nyeusi.

Dada alisema tuwape nafasi wapumue. Tusiende kupiga picha msiba wa watu. Niliona ana hoja. Mimi hoja yangu ilikuwa ya ramani tu: bila Jasper hakuna sababu ya kupita barabara yote ya Icefields Parkway, ile ya kutoka Lake Louise hadi Jasper, na barabara hiyo ndiyo safari.

Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Aliyefiwa hakimbiwi. Mji unaoishi kwa wageni ukiungua, halafu wageni nao wakaona haya kuja, umeungua mara mbili. Twendeni, tulale, tulipe, tusiulize maswali ya kipumbavu."

Jasper imebaki. Nimeandika sharti lake pia kwenye lahajedwali.

2 Machi

Vitanda. Usiku 10 nimeugawa hivi mwanzoni: Canmore 3, Golden 3, Jasper 3, Radium 1. Hii ni rasimu ya 3.

Kwa nini Canmore na si Banff? Banff iko ndani ya hifadhi, kila mtu anataka kulala humo, na bei zinasema hivyo. Canmore iko kilomita zipatazo 25 kabla yake, nje ya mpaka, na ina historia ninayoipenda zaidi: ulikuwa mji wa makaa ya mawe hadi mgodi wa mwisho ulipofungwa 1979, watu wakadhani umekwisha, kisha 1988 mashindano ya Olimpiki ya Calgary ya kuteleza kwenye theluji nyandani yakafanyika hapo, na mji ukapata kazi nyingine. Dada alipomaliza kusoma hayo alisema mji uliowahi kukata tamaa huwa na mikahawa mizuri. Sijui anatoa wapi sheria hizi.

Golden imechaguliwa kwa sababu kutoka hapo Yoho ni jirani na Ziwa Louise ni kilomita 80 hivi. Ina daraja la waenda kwa miguu la mbao lenye paa, lililojengwa 2001 na mafundi seremala waliojitolea. Jioni moja ni yake.

Radium ni ombi la Mama kwa magoti yake: chemchemi ya maji moto ndani ya Kootenay, dakika chache kwa gari kutoka mjini. Jina lina asili ya kweli, maji yana chembe ndogo sana za redoni, gesi yenye mnururisho. Mpwa alipouliza kama bibi atang'aa usiku aliambiwa ajaribu kwanza yeye.

9 Machi

Jasper imejaa kwa tarehe zetu. Niliyoyaandika mwenyewe kuhusu nyumba chache za wageni sikuyafanyia kazi. Nilichopata ni usiku wa tarehe 13, 14 na 15, vyumba viwili katika nyumba ya mwenyeji. Maana yake mpangilio unageuka: Canmore, Jasper, kisha Golden, kisha Radium.

Rasimu ya 4. Nimeipigia simu nyumba ya Golden, wakahamisha tarehe bila maneno. Nimefurahi sana hata nikasahau kwamba lahajedwali la zamani bado limo kwenye simu yangu. Nalitaja hapa kwa sababu litarudi.

10 Machi

Mpangilio mpya una dosari moja ambayo imenikosesha usingizi: tutapita Icefields Parkway mara mbili. Kilomita 232 kutoka Lake Louise hadi Jasper, kisha zilezile kurudi, halafu magharibi hadi Golden.

Dada akaniuliza ni nini kibaya. Nikasema ni kurudia. Akasema hali ya hewa hairudii. Nimekaa nalo, na nadhani ndilo wazo bora la mradi wote mpaka sasa. Barabara ile inapita chini ya vilele na barafuto ambavyo wingu likishuka havipo kabisa. Ukipita mara moja, umebahatisha siku moja. Ukipita mara mbili na siku tatu katikati, una tiketi mbili. Tena asubuhi jua linapiga ukuta mmoja wa bonde na jioni ukuta wa pili.

Kwa hiyo vituo nimevipanga kwa jozi. Kwenda: Ziwa Bow, Ziwa Peyto, Barafuto la Athabasca, Maporomoko ya Athabasca. Kurudi: chochote ambacho wingu lilikula.

20 Aprili

Leo nimeelewa mradi huu ni wa nini hasa. Miezi mitatu nimekuwa nikipanga kwa kilomita. Milima hii haipangwi kwa kilomita, inapangwa kwa milango. Mlango unafunguliwa lini, na ufunguo unatolewa saa ngapi?

Orodha ya milango niliyonayo:

Barabara ya Ziwa Moraine haipokei magari binafsi tangu 2023, si alfajiri wala usiku. Unaingia kwa basi la hifadhi au la kampuni yenye kibali. Tiketi ya basi la hifadhi inakupa pia usafiri kati ya Moraine na Louise, kwa hiyo maziwa mawili kwa tiketi moja. Sehemu ya nafasi hutolewa Aprili, na zilizobaki hutolewa siku mbili kabla ya safari, saa mbili asubuhi ya huko.

Maegesho ya Ziwa Louise ni ya kulipia na msimu ukikolea hujaa kabla jua halijachomoza. Huko nako tutapanda basi.

Barabara ya Bow Valley Parkway, ile ya kando ya barabara kuu: kipande cha mashariki kimekuwa kikifungiwa magari mwezi Septemba, baiskeli tu. Korongo la Johnston linafikika kwa kuzunguka upande wa Castle Junction.

Barabara ya kwenda Maporomoko ya Takakkaw, Yoho: ina kona kali za kurudiana, misafara yenye trela hairuhusiwi, na hufungwa Oktoba. Jina ni la Kikri, maana yake ni kama kusema "ya ajabu".

Ziwa O'Hara: basi kwa kura ya bahati nasibu. Nimelifuta, familia hii haina bahati ya kura.

Basi la Moraine nimelipata leo. Nilikaa kwenye foleni ya mtandaoni, namba yangu ilikuwa ya maelfu, nikapika, nikala, nikaosha vyombo, zamu ikafika. Viti vinne. Nimejisikia kama mtu aliyenunua shamba.

6 Mei

"Mjomba," mpwa ameniambia, akiwa na simu yake na yangu mezani, "tarehe 14 Septemba tutakuwa Jasper. Basi la Moraine ni tarehe 14. Litatufuata?"

Nilikata tiketi kwa kufuata lahajedwali la zamani. La rasimu ya 3, lililobaki kwenye simu.

Tarehe 14 tutakuwa mbali na Moraine kwa kilomita zaidi ya 230. Na nafasi za Aprili za siku ambazo tutakuwa karibu nako zilikwisha. Nimefuta viti. Rasimu ya 3 nimeifuta pia, mahali pote, hata kwenye barua pepe. Kuanzia leo mpango uko mahali pamoja na mwenye ufunguo ni mpwa.

Mama hajaambiwa. Dada anasema aambiwe. Nimesema tutangoja.

7 Mei

Mama ameambiwa. Hakunung'unika. Aliuliza tu, "Zile nyingine zinatolewa siku mbili kabla, sivyo?" Nikasema ndiyo. "Basi hata hali ya hewa tutakuwa tunaijua."

Kuna akili katika kukosa, nakubali. Aliyekata Aprili anakata bila kujua kama siku yake ni ya theluji.

Nimehesabu. Tutakuwa Golden usiku wa 16, 17 na 18. Siku zinazofaa ni tarehe 17 au 18. Nafasi za tarehe 17 zitatolewa tarehe 15, za tarehe 18 zitatolewa tarehe 16, saa mbili asubuhi. Tarehe 16 ndiyo siku tunayoondoka Jasper, na sehemu kubwa ya Icefields Parkway haina mtandao wa simu. Tukiondoka kabla ya saa mbili, tumeikosa. Nimeandika: TAREHE 16 HATUWASHI GARI KABLA YA SAA MBILI NA NUSU.

Hii ndiyo rasimu ya 5. Haitaguswa.

30 Mei

Mambo ya karatasi, kwa ufupi. Ruhusa za kuingia Kanada, kila mtu kwa pasipoti yake. Shemeji hasafiri, kwa hiyo amemwandikia mpwa barua ya idhini. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja anashauriwa kuwa nayo. Gari limekodiwa, na Dada ameandikishwa dereva wa pili.

Pasi ya hifadhi: walio na miaka 17 au pungufu hawalipi. Kwa watu wazima, ukikaa siku saba au zaidi ndani ya hifadhi pasi ya mwaka huwa na faida kuliko ya kila siku, na ya kundi inatosha hadi watu saba ndani ya gari moja. Siku zetu zinapita saba. Dada amechukua ya mwaka na sasa anazungumza kana kwamba tutarudi kabla haijaisha.

11 Julai

Mazoezi ya magoti. Mama anatembea kila jioni, sasa anafika kilomita mbili bila kukaa. Maana yake Korongo la Johnston hadi maporomoko ya chini, zaidi kidogo ya kilomita moja kwenda, linawezekana. Kuzunguka Ziwa Emerald, kilomita zaidi ya tano, hapana. Atakaa kwenye benchi na atadai benchi ndiyo sehemu nzuri.

19 Agosti

Nyumba ya wageni ya Radium imetuandikia kuwa imefuta nafasi yetu, ina shughuli yake. Wiki tatu kabla! Fedha wamerudisha. Dada amepiga simu nne kwa sauti ile anayotumia kwa mafundi, na tumepata chumba kikubwa chenye jiko, mtaa wa pili kutoka cha awali, kwa bei ndogo zaidi. Amenikataza kuandika kwamba ilikuwa bahati.

2 Septemba

Orodha ya mwisho ya gari. Ramani zimepakuliwa kwenye simu zote nne na ya karatasi ipo. Mafuta: tujaze Lake Louise au Jasper, kwa sababu katikati kuna kituo kimoja tu, Saskatchewan River Crossing, nacho ni cha msimu. Nguo za baridi kwenye kiti, si chini ya mizigo. Dawa ya kupulizia dubu hairuhusiwi kwenye ndege hata kwenye mizigo ya chini, tutainunua tukifika.

Umbali wa wanyama: mita 100 kwa dubu, mbwa mwitu na puma, mita 30 kwa elki na wenzake. Mpwa alisema hakuna mwenye futi kamba msituni. Hifadhi yenyewe hupima kwa mabasi: kumi kwa dubu, matatu kwa elki. Mama amekariri.

12 Septemba, Canmore

Mpango unashika. Jana Korongo la Johnston, Mama alifika maporomoko ya chini na kurudi. Leo Ziwa Minnewanka, ambalo chini yake kuna kijiji cha mapumziko kilichozamishwa na bwawa la 1941. Mpwa amehesabu madaraja ya wanyama juu ya barabara kuu ya Banff, yale yenye miti juu yake. Ndani ya hifadhi yako sita, pamoja na vivuko 38 vya chini, na tangu uzio na vivuko viwekwe ajali za magari na wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hajaona hata sungura akipita. Anasema wanapita usiku kwa aibu.

13 Septemba, Jasper

Wingu. Kuanzia Ziwa Bow hadi Barafuto la Athabasca tumeona barabara, tumeona mistari yake, tumeona mvua. Peyto tulisimama kwenye jukwaa la kutazamia mbele ya weupe mtupu pamoja na watu wapatao thelathini, wote kimya, kama tumesubiri mgeni rasmi ambaye hatakuja. Kwenye barafuto hatukushuka garini.

Saa tano za ukungu, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mtu anajua tunapita tena tarehe 16. Dada alinitazama tu kwenye kioo.

14 Septemba, Jasper

Mashua ya Ziwa Maligne, kilomita 22 za maji kati ya kuta za milima. Kisiwa cha Spirit si kisiwa kamili. Kimeshikwa na ufukwe kwa ulimi mwembamba wa ardhi, na huwa kisiwa maji yakijaa. Mama hakutaka kuambiwa hilo. Njiani tulisimama Ziwa Medicine, lililokwisha kupungua na kuacha matope yenye mifereji. Halina mto wa kutokea: maji yanazama kwenye mapango ya chokaa na kuibukia Korongo la Maligne. Kila kiangazi linajaa, kila vuli linavuja. Kama birika lenye ufa, alisema Mama, na mwenye birika kalikubali.

Miti iliyoungua inaanza karibu sana na mji. Chini yake kuna maua ya zambarau yanayokauka na vichipukizi vya majani. Hatukuuliza maswali.

15 Septemba, Jasper

Saa mbili asubuhi tulikuwa tayari kwa nafasi za tarehe 17, lakini utabiri unasema theluji tarehe 17 Lake Louise, na tarehe 18 jua. Tumeziacha zipite. Ni vigumu kuacha kiti kilicho wazi mbele yako ukitegemea kingine ambacho bado hakijatolewa. Mpwa alikuwa na kidole juu ya kitufe. Mama akasema, "Ngoja."

Jioni dume la elki liliingia mtaani kwetu na pembe zake, likasimama kati ya gari letu na mlango. Mama alijibanza nyuma ya pipa la taka la chuma lisilofunguliwa na dubu, akamwita Dada kwa kunong'ona: "Usisogee. Hapo yapo mabasi mawili tu."

16 Septemba, Jasper, saa mbili na dakika 20 asubuhi

Simu nne mezani, kila moja kwenye mtandao wake. Saa mbili kasoro dakika tano foleni ilitupanga. Simu yangu ilipewa namba ya mwisho, kama kawaida. Ya Mama, ambayo ina kioo kilichopasuka na herufi kubwa kama za mabango, ilipewa ya kwanza. Mpwa aliandika, Dada alisoma namba ya kadi, Mama alibonyeza mwenyewe.

Viti vinne, tarehe 18, kutoka Lake Louise, saa tatu asubuhi.

Nje hakuna wingu hata moja. Kwenye njia ya kuelekea Barafuto la Athabasca kuna vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilipofika zamani. Imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu tangu karne ya 19. Mama anataka kusimama kwenye kibao kilicho karibu na mwaka wake wa kuzaliwa, na mpwa ameahidi kusimama mahali barafu ilipokuwa alipozaliwa yeye, ili tuwapige picha kutoka katikati. Tangi limejaa. Dada ndiye anayeendesha hadi Sunwapta. Naandika haya nikiwa kiti cha nyuma, na alama ya mtandao imebaki kijiti kimoja